Usilipe kontena kwanza

Lubumbashi, Jumapili

Baba Amani,

Jambo sana. Nyumbani wote wazima. Mama Amani anasema usisahau viatu vya mtoto. Sasa hizi laptopu 400 zilizotumika, unazotaka kununua huko Ulaya na kututumia kwa kontena. Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu, na kila mara namsikia huyo muuzaji akisema "hazijajaribiwa", halafu anataja bei kwa kilo. Kwa kilo, ndugu yangu! Masini inayowaka huuzwa moja moja. Cha kuwekwa kwenye mizani ni chuma chakavu.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2012 inataka kila kifaa kilichotumika kipimwe kabla ya kupakiwa, na karatasi ibandikwe juu yake au kwenye boksi: namba ya kifaa, nani amepima, lini, matokeo gani. Karatasi isipokuwepo, forodha ya Anvers, bandari ya Ubelgiji, wanaweza kuhesabu mzigo wote ni taka. Na tangu tarehe 1 Januari 2025, kwa Mkataba wa Basel, ule wa mataifa kuhusu kusafirisha taka, taka za elektroniki, hata zisizo na sumu, hazivuki mpaka kabla nchi inayopokea haijakubali kwa maandishi.

Basi pima mwenyewe. Washa kila moja dakika kumi, si sekunde kumi, maana yenye lehemu iliyopasuka huwaka vizuri, ikishapata moto ndiyo inazima. Ingia BIOS, ile mipangilio ya masini kabla Windows haijafunguka: zilizotoka maofisini nyingi zina neno la siri, na kulitoa mara nyingi ni kubadilisha chipu. Fungua chini uone kama diski na memori zimo, kwa sababu kampuni hutoa diski kuficha siri zao. Kisha ilaze juu ya meza bapa. Ikiyumba, au kipanya cha kugusa kimeinuka, betri imevimba. Iache hapo hapo, usiibonyeze wala kuitoboa, inashika moto. Kobalti yetu ya Kolwezi, madini ya kutengenezea betri, irudi ndani ya betri mfu, na nauli tulipe sisi?

Muuzaji akikuambia mzipakie ndani ya magari yanayosafirishwa ili kuokoa nafasi, kataa. Huko Lagos watafiti walihesabu kama tani 60,000 za elektroniki zilizotumika zikiingia kwa mwaka, 2015 na 2016, nyingi zikiwa zimesheheni ndani ya magari, na angalau asilimia 19 hazikufanya kazi. 

Hiyo bei ya kilo bado inanikera.

Chaja ni ngapi? Kibodi ni AZERTY zote, zile za Kifaransa? Atakubali uchague, na zilizokufa zibaki kwake? Ankara itaandika "zilizotumika" au "chakavu"? Na avansi, mzee, tafadhali niambie hujaitoa. Umeitoa?

Ni mimi, Baba Neema