Kopo lako la viluwiluwi

Uyole, Mbeya

Mwanangu Atupele,

Salamu nyingi. Sisi hapa wazima, ila baridi ya Julai hii tunavaa makoti hadi jikoni. Ile picha uliyoniuliza kama ni shanga, si shanga. Ni kiluwiluwi cha mbu kutoka pipa la nyuma ya nyumba.

Nilibandua karatasi nyembamba ya juu ya kioo cha kalkuleta mbovu, nikaikata vipande viwili. Hiyo ndiyo polaraiza: hupitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Kimoja nikakiweka juu ya taa ya hadubini, kingine kwenye lenzi ya kuchungulia, nikakizungusha taratibu mpaka kote kukawa giza, kama umeme umekatika. Halafu nikasogeza slaidi, kile kioo chenye kiluwiluwi. Mama wee! Mdudu ambaye kwa mwanga wa kawaida ni kama uzi wa maji, sasa misuli yake inawaka pingili kwa pingili, rangi ya fedha. Nyuzi za misuli zimejipanga sambamba, ndiyo maana zinaugeuza mwanga hadi ukapenya. Ukimlaza sambamba na polaraiza anazimika. Mgeuze digrii 45, huyo anawaka tena.

Siku ya kwanza niliharibu. Alikuwa anajinyonganyonga, nikamzungushia pamba ili atulie. Kumbe pamba nayo inawaka, tena kumshinda! Nikapiga picha za pamba jioni nzima. Kesho yake nikanyonya maji kwa tishu, nikaweka tone la mafuta ya mgando kila kona ya kioo cha kufunikia asipondeke, nikabana simu kwenye lenzi.

Sasa, lile kopo. Ulikuwa darasa la tatu, ukaniambia, "Mama, wananing'inia kichwa chini." Mimi, mtu wa maabara, nikalimwaga uani huku nafoka habari za malaria. Wa Anofelesi, mbu wa malaria, hulala bapa chini ya uso wa maji. Wanaoning'inia, kimrija cha kupumulia juu, ni wa mbu wengine kama Kuleksi, si wa malaria. Jibu ulikuwa umenipa mwenyewe, sikukusikiliza. Ningemwaga hata hivyo, maana Kuleksi naye hueneza matende, lakini ningechungulia kwanza pamoja nawe. Nisamehe, mwanangu.

Ukija likizo usihangaike na zawadi. Niokotee kalkuleta mbovu huko hosteli. Pipa nitalifunika Jumamosi, baba yako keshachoka na mbu.

Mama yako