Mkituelekeza pa kula ufukweni, anzeni jikoni

Mhariri,

Ukurasa wenu wa likizo wa wiki iliyopita uliwaorodheshea wasomaji mahali pa kula katika miji midogo ya ufukweni, ile ya nchi za joto inayoishi kwa wageni. Kila mgahawa uliotajwa unaitazama bahari, na kila mmoja umesifiwa kwa upepo, taa na machweo. Hakuna hata mmoja ambao msomaji ameelezwa samaki wake anatoka wapi, wala anahifadhiwaje tangu kuvuliwa hadi kufika mezani. Nilipika katika hoteli za ufukweni miaka mingi kabla ya kustaafu, na jambo hili linaniuma, kwa sababu anayekwenda huko na watoto wake anahitaji kuambiwa zaidi ya hayo.

Katika mji wa namna hiyo wachuuzi wa samaki ni wachache. Mashua zinarudi, watu wawili watatu wananunua, na samaki yuleyule anagawanywa kati ya hoteli kubwa, migahawa ya ufukweni na vibanda vya mtaa wa nyuma. Kinachotofautisha sahani na sahani ni nani aliwahi dikoni, pale mashua zinapofikia, na nani ana barafu ya kutosha. Mgahawa wa mbele unalipia mandhari, na malipo hayo yamo ndani ya bei ya chakula. Nyuma yake, mtaa mmoja tu kutoka mchangani, kuna mama mwenye majiko mawili na menyu ya vyakula vinne, ambaye hanunui samaki wa kulala kwa sababu hana pa kumlaza. Huyo hakuonekana kwenye orodha yenu. Hana picha nzuri za kuwapa, na pengine hana hata kibao mlangoni.

Ningekuwa mgeni, ningetembea hadi dikoni asubuhi na kuuliza swali moja: nani hununua hapa kila siku, hata wageni wakiwa wachache? Jina litakalotajwa na zaidi ya mtu mmoja ndiko ningekula. Ningewauliza pia wahudumu na wasafisha vyumba wa hoteli wanakula wapi siku zao za mapumziko. Dereva au mtembezi anayekupeleka moja kwa moja mlangoni pa mgahawa fulani ni jambo jingine, maana mara nyingi hulipwa kamisheni kwa kila mteja anayemleta. Simlaumu, ndiyo riziki yake, lakini ushauri wake usichukuliwe kama wa mtu asiye na fungu.

Sasa nije kwenye samaki mwenyewe, ambako nawaomba mnipe nafasi. Jodari, vibua, nguru na fulusi wana hatari ambayo wageni wengi hawaijui. Samaki hawa wakikaa kwenye joto baada ya kufa, bakteria hugeuza kemikali moja ya asili iliyomo katika nyama yao kuwa sumu iitwayo histamini. Ikishatengenezwa, haiondoki: kuchoma hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi. Samaki anaweza kunukia vizuri na bado akawa nayo. Mlaji huanza kuwashwa, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, wakati mwingine dakika chache tu baada ya kula. Kwa walio wengi hali hupita ndani ya siku moja, lakini akibanwa na pumzi apelekwe hospitali mara moja. Na kama tonge la kwanza linachoma ulimi kama pilipili hali pilipili haikutiwa, weka chini hapo hapo, usione haya.

Kinga ni barafu, kuanzia ndani ya mashua. Ndiyo maana kwangu mgahawa wa maana ni ule ambao mwenyewe hakasiriki ukimwomba akuoneshe samaki kabla hajapikwa. Jicho litokeze na kung'aa, matamvua yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi, na harufu iwe ya bahari, isiwe shombo kali. Minofu iliyokwisha kukatwa haina jicho wala matamvua, hivyo humwambia mteja machache sana. Ukiweza, omba samaki mzima.

Kuna sumu nyingine, ya samaki wa miambani, inayoitwa sigwatera. Chanzo chake ni viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyokaa juu ya mwani na matumbawe yaliyokufa. Samaki wadogo wanavila, wakubwa wanawala wadogo, na sumu inazidi kujikusanya kadiri samaki anavyokuwa mkubwa. Mzia na chewa wakubwa ndio wa kuogopwa zaidi. Haina harufu wala ladha, na moto hauiondoi. Si kila mwamba una tatizo hili, na wavuvi wa mahali huwa wanajua upi wauepuke, kwa hiyo mpishi anayewajua wavuvi wake kwa majina ana thamani kuliko mwenye meza za vioo. Chewa mkubwa mno anayepambwa mezani ili apigwe picha, mimi namwacha. Kichwa, ini na mayai yake ndiyo kabisa.

Kuhusu bufee sitasema mengi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mambo matano ya chakula salama uliotolewa mwaka 2001, linataka chakula cha moto kibaki zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Fika bufee inapofunguliwa. Ukikuta mvuke hautoki na kijiko kimezama ndani ya mchuzi wa vuguvugu, ondoka.

Jambo la mwisho ni msimu. Mji wa mapumziko ukipungukiwa wageni, jiko lenye menyu ndefu linategemea friza, na umeme ukikatika usiku samaki anayeyuka kisha anagandishwa tena. Nyama yake huwa tepetepe na kutoa maji mengi kwenye kikaango. Siku za upepo mkali, mashua zisipotoka, mgahawa mwaminifu utakwambia leo hakuna samaki, na hapo kula mboga au kuku kwa moyo mweupe. Wale wenye majiko madogo hununua kulingana na wateja wanaowatarajia, hivyo pita asubuhi, agiza cha jioni, sema mko wangapi. Utangoja, maana anaanza kupika ukishafika, na kungoja huko ndiko unakolipia. Ukishaagiza, usimwache na sufuria yake ukaenda kwingine kwa sababu umeona taa nzuri. Hasara yote inamwangukia yeye.

Naomba basi, Mhariri, orodha ijayo iandikwe na mtu aliyeingia jikoni. Afike msimu wa wageni wachache, asubuhi mashua zinapoingia, amfuate mchuuzi aone anaanzia mlango gani na anamalizia upi. Aombe kufunguliwa friza. Watakaokataa waachwe nje ya orodha, na nafasi yao ya gazeti apewe yule mama wa mtaa wa nyuma, pamoja na maelekezo ya kufika kwake.

Wako,
Mpishi mstaafu wa hoteli za ufukweni