Msizipige marufuku ndege za kitambaa, zirusheni asubuhi

Mhariri,

Msomaji wako mmoja aliandika wiki jana akitaka ndege nyepesi zipigwe marufuku huku Kwale. Alisema aliiona moja ikitua kusini mwa Ukunda, ikadunda mara tatu kama mpira na kuishia kwenye magugu, nusra iwakanyage mbuzi. Sibishani naye juu ya alichokiona. Kiti cha nyuma nilikuwa mimi. Mbuzi hatukuwakaribia kiasi hicho, lakini kudunda tulidunda.

Nisichokubali ni ile sababu yake, kwamba "kitambaa hakiwezi kubeba watu." Marehemu baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na kitambaa kilimbeba yeye na shehena ya boriti kutoka Lamu miaka nenda miaka rudi. Bawa la ndege yetu limeshonwa kwa dakroni, kitambaa kilekile kinachoshonewa matanga ya mashua za kisasa. Chini ya bawa kinaning'inia kigari cha magurudumu matatu chenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na injini ya nguvu za farasi 65. Mkia hakuna, usukani hakuna. Mbele ya kifua chako kuna bomba moja tu, na ndege unaigeuza kwa kuuhamisha uzito wako chini ya bawa.

Hapo ndipo wengi wanapotatizika. Ukilisukuma bomba mbele, pua inainuka na mwendo unapungua. Ukilivuta kifuani, ndege inashuka na mwendo unazidi. Ukitaka kwenda kulia, bomba unalipeleka kushoto. Rubani wa Cessna, ile ndege ndogo ya kawaida ya bati, amezoea kinyume: yeye huvuta ili pua ipande. Hata mkiwa chini kwenye magurudumu, ukisukuma mguu wa kulia ndege inaelekea kushoto, kama vile vigari vya mbao tulivyokuwa tukiteremkia kilimani utotoni.

Siku hiyo mbele alikaa rafiki yangu, rubani wa Cessna wa miaka mingi. Huko juu aliendesha vizuri, maana huko mtu ana muda wa kufikiri. Tulipobakiza kama mita mbili kugusa ardhi, mikono yake ikaikumbuka ndege yake. Akavuta. Pua ikaenda chini. Nikalisukuma bomba kutoka nyuma kwa nguvu zangu zote, gurudumu la mbele likasalimika, ila tukarushwa juu tena hali mwendo umetuishia. Yaliyofuata msomaji ameyaeleza. Nilipaswa kuwa nimelishika bomba mapema. Kosa ni langu, dakroni haina hatia.

Lakini tulikuwa tumeshakosea kabla hata ya kupaa. Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa Julai, upepo wa kusi umechachamaa. Uwanja wetu wa nyasi umelala sambamba na pwani, na upande wa bahari pana safu ya minazi. Upepo ukija unapanda juu ya minazi, kisha unaangukia upande wa pili ukijisokota, kama maji nyuma ya mwamba. Juu ya vilele ni mkali. Ukishuka chini yake, unakatika ghafla. Ndege nzito hailijali hilo sana. Lori la saruji ukiondoa mguu kwenye mafuta bado linateleza. Baiskeli ukiacha kupiga pedali dhidi ya upepo inakusimamia papo hapo. Ndege yetu, pamoja na watu wawili na mafuta, haizidi kilo 450. Hiyo ni baiskeli.

Ndiyo maana tunakuja kutua na mwendo wa akiba, kama kilomita 90 kwa saa, bomba likiwa kifuani, wala hatuliachii mpaka ardhi iwe karibu kabisa. Mwanafunzi akiiona ardhi inamjia, hofu humwambia asukume. Akisukuma kwenye mita tano, mwendo unamwishia hukohuko juu, na hizo mita tano anazishuka kama furushi. Upepo ukiwa wa ubavuni, tunakuja upande kama kaa hadi magurudumu ya nyuma yaguse; kigari chenyewe kinajinyoosha, mradi miguu yako itulie. Na hata mkishasimama, bomba haliachwi. Bawa lisiloshikwa, upepo hulibeba likakupindua umekaa palepale.

Injini kuzimika, ambako watu wote huniuliza, hakunitishi hivyo. Hatuanguki kama dafu. Kutoka mita 300 tunateleza kama kilomita mbili, na uwanja huwa tumeuchagua kabla.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye ndege na wale wanaowaletea wageni: msimu wa kusi, ikifika saa nne asubuhi, ndege ifungwe hadi saa kumi na moja jioni. Najua mgeni mwenye haraka anakasirika. Nami nimeshakasirikiwa, na wiki mbili nzima nimelala bila kazi. Ombi la pili ni dogo: zitunzwe soksi za upepo, ile mifuko ya kitambaa mlingotini inayomwonyesha rubani upepo unavyovuma. Ya kwetu ilikuwa imeozeshwa na chumvi hata ikawa inaning'inia tu kama soksi ya kweli, upepo uwepo usiwepo. Fundi cherehani wa hapa mjini ametushonea nyingine ya rangi ya chungwa.

Msomaji yule namkaribisha. Aje saa kumi na mbili unusu asubuhi, umande ungali unavuma kutoka bara na bahari imelala. Kiti cha nyuma ni chake. Avae sweta, na simu aiache chini kwa mkewe, maana ikimponyoka itaingia moja kwa moja kwenye pangaboi lililo mgongoni mwake.

Fundi wa ndege,
Ukunda