Barua ya wazi kwa vijana wanaojifunza Vovinam, sanaa ya mapigano ya Vietnam

Wanangu,

Nimesikia kwamba wengi wenu mnamsumbua mwalimu awafundishe upesi mikasi ya miguu, yaani kuruka na kumbana mwenzako kwa miguu miwili, kiunoni au hata shingoni, mpaka aanguke. Siwashangai, kwa maana mbinu 21 za kushambulia kwa miguu, mikasi hiyo ikiwemo, ndizo zilizoipa Vovinam sifa duniani. Hata hivyo, kumbukeni kwamba judo ilipiga marufuku mkasi unaofanana na huo katika mashindano yake, baada ya bingwa Yasuhiro Yamashita kuvunjwa mguu kwa mbinu hiyo mwaka 1980, naye hakuwa mwanagenzi.

Mwalimu Nguyễn Lộc, aliyeanzisha Vovinam mjini Hanoi mwaka 1938, Vietnam ikiwa bado chini ya Wafaransa, alichukua mieleka na mapigano ya jadi ya kwao, akayaongezea mbinu za kigeni zilizomfaa, kwa nia ya kulea vijana wenye mwili imara na moyo wa kuitumikia nchi yao. Ndiyo sababu salamu yenu ni mkono wa kulia juu ya moyo: mkono ni wa chuma, moyo ni wa huruma. Anayeiharakisha salamu hiyo ili awahi kurusha mateke hajaelewa kwamba mwenzake amemkabidhi goti na shingo yake kwa hiari, na kwamba bila mwili huo wa kuazima hakuna mkasi wowote atakaoweza kujifunza.

Basi jifunzeni kwanza kuanguka, tena pande zote, hadi mwili uanguke bila woga. Mkao wa farasi, yaani kusimama miguu imepanuliwa na magoti yamekunjwa, unachosha mapaja na hauna watazamaji, lakini miguu isiyoweza kutulia chini haitaweza kujizuia ikiwa hewani.

Na ninyi wavulana mnaokwepa kupangwa na wasichana, niwieni radhi, huo ni ujinga. Huko Bình Định, kitovu cha mapigano ya jadi ya Vietnam, wasichana husifiwa kwa ustadi wa fimbo, na mwanamke Bùi Thị Xuân alikuwa jemadari wa jeshi la Tây Sơn, watu waliowafukuza wavamizi wa Qing, yaani China ya wakati huo, mwaka 1789.

Mkasi wa shingoni uacheni hadi mwalimu mwenyewe autaje, na siku hiyo msiufanye bila yeye kusimama kando yenu.

Ni mimi, mzee wenu.