Kasuku akikoroma, kagueni tundu

Ndugu Mhariri,

Masika hapa Tanga, kasuku akianza kukoroma wengi hukimbilia dawa za bakteria za kuku. Tunawasihi waache. Huenda ni kuvu aina ya Aspergilasi. Dawa hizo haziiui, na zaweza kuizidishia nguvu.

Kuvu hiyo hukua kwenye maranda yaliyolowa, karanga zenye ukungu na kinyesi kilichorundikana. Vikikauka, vumbi lake huvutwa mpaka kooni na kwenye vifuko vya hewa. Sauti hubadilika, mkia hupanda na kushuka kila apumuapo, kifua hukonda hadi mfupa wake unachoma kidole. Mpimeni kila wiki kwa mizani ya jikoni: kasuku wa gramu 400 akipungua gramu 40, mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Tiba huchukua wiki nyingi. Msikisie dozi nyumbani, maana itrakonazoli, dawa ya kuua kuvu, yaweza kumdhuru kasuku wa kijivu.

Tandikeni gazeti, mlibadilishe kila siku. Mbegu tupu humkosesha vitamini A inayolinda koo lake. Mpeni karoti, mchicha na papai. Ugonjwa huu hauambukizwi na ndege mwenzake, bali wote huvuta vumbi lile lile.

Wafugaji wa ndege,
Tanga