Kwa nini kumalizia mradi ulioanzishwa kwenye programu nyingine si kazi nusu

Kuna lalamiko linalotufikia sisi wahariri wa video karibu kila mwezi: "Nimeshahariri zaidi ya nusu, mmalizie tu. Mbona bei ni kama ya kuanza upya?" Mteja wa mwisho aliyesema hivyo aliondoka akiamini tumemlangua, na jambo hilo limetuuma, kwa sababu bei ile ilikuwa ya haki.

Alikuwa amekata video yake kwenye programu ya Premiere Pro, naye fundi wa kurekebisha rangi za video aliyemtafuta anatumia programu nyingine, DaVinci Resolve. Aliambiwa ahamishe kwa XML, yaani faili la maelezo ya mradi linalosomeka na programu nyingine, basi yamekwisha. XML hubeba mahali pa kukatia, majina ya klipu na mpangilio wake kwenye taimlaini, yaani mstari wa kupangia klipu. Maandishi, efekti za kununua na sehemu ambazo kasi yake inapanda na kushuka polepole hufika zimeharibika, au hazifiki kabisa. Tulikaa na video yake ya zamani upande mmoja na taimlaini mpya upande mwingine, tukilinganisha kila mkato, fremu kwa fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Hiyo ndiyo kazi iliyolipiwa.

Wengine hutuletea faili la mradi peke yake kwenye flashi. Faili hilo halina picha ndani yake. Lina maelekezo tu ya picha zilipo. Tukilifungua, skrini nzima inatuambia picha hazipo. Kuna bibi harusi aliyetuletea faili la namna hiyo huku kadi za kamera zimeshafutwa. Hapo mhariri hana la kumsaidia. Na aliyehariri kwenye simu, mara nyingi alichonacho ni video iliyokwisha kubanwa, muziki na maandishi vimeshashikana na picha. Hatuwezi kuvibandua vikatoka safi.

Wanafunzi wetu nao huuliza programu ipi ya kuhariri ni bora. Sisi tunawauliza kwanza: utafanya kazi na nani, na kompyuta yako ni ipi?

Kama wenzako wanatumia After Effects (ya efekti za video) na Photoshop (ya picha), jifunze Premiere Pro, ila ujue ni ya kulipia kila mwezi au mwaka. Final Cut Pro ni nyepesi na ya haraka, lakini haifunguki kwenye Windows. Taimlaini yake ya sumaku, ambayo klipu hujivuta zenyewe kuziba mapengo, iliyoanza 2011, huwatatiza waliozoea programu nyingine. Avid Media Composer ni ya wanaolenga filamu na televisheni, ambako wahariri wengi hushika mradi mmoja. Anayejifunza peke yake nyumbani haihitaji kwa sasa.

Anayeanza bila fedha tunampeleka DaVinci Resolve bila kusita. Toleo la bure lina ukataji, rangi, sauti na efekti mahali pamoja, na hutoa video hadi Ultra HD (4K) kwa fremu 60 kwa sekunde. Kinachotakiwa ni kadi ya grafiki yenye nguvu. Kompyuta ikilemewa, tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria, kabla hujailaumu programu. Kwa hiyo sioni sababu ya mtu kuhangaika na programu za kraki, yaani zilizovunjwa kufuli ya leseni, zinazozimika katikati ya kazi na kukwama kwenye toleo la zamani, huku mradi wa mwenzake mwenye toleo jipya ukikataa kufunguka.

Picha za simu nazo zina lao. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayopandashuka, na kwenye video ndefu midomo huanza kuachana na sauti. Sisi huzibadilisha kwanza ziwe na kasi moja. Saa hizo mteja hazioni, lakini zimo kwenye bei.

Ukitaka tumalizie kazi yako, leta picha zote asilia, sauti, fonti, faili la mradi na video ya mfano uliyoitoa mwenyewe. Usibadilishe jina la faili wala folda. Tutaufungua mradi mbele yako, uone kilichofika na kilichopotea, ndipo tutaje bei.