Barua kwa mwanangu anayechora kingo za kitanda cha bibi yake

Mwanangu,

Marahaba. Mchoro wako umefika na nimeutandaza mezani tangu asubuhi. Tangu bibi yako aanguke, kila kitu kikigonga sakafu usiku nashtuka nikaamka, na najua hata wewe huko uliko hulali vizuri. Umechora kwa moyo, naona. Hata hivyo usikate chuma bado. Soma kwanza barua hii mpaka mwisho, maana kingo ulizochora zinazuia kuanguka, na papo hapo zinaleta hatari nyingine ambayo wewe huijui na mimi nimeiona kwa macho yangu.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Miaka ile nilipokuwa nauguza wazee, tulikuwa na mama mmoja mwembamba sana, akili yake siku nyingine ipo, siku nyingine haipo. Kila jioni tulimpandishia kingo pande zote mbili, tukajiona tumemlinda. Usiku mmoja napita na tochi, nikamkuta ameteleza kando. Miguu na kiuno vilikuwa vinaning'inia nje, chini ya ukingo, na kidevu kimekwama kati ya godoro na chuma. Alikuwa hai. Nilimwinua, nikamlaza, nikakaa naye mpaka alfajiri nimeshika mkono wake. Kilichonitesa baadaye ni ule ukimya wa wodi. Mtu akianguka kuna kishindo, watu wanakimbia. Shingo iliyobanwa haiwezi kuita. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamelala, hakuna aliyesikia hata mkwaruzo.

Ndipo nikaanza kusoma. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipokea taarifa 803 za watu walionaswa au kunyongwa kwenye vitanda vya hospitali kati ya 1985 na mwanzo wa 2009. Waliofariki ni 480. Wengi walikuwa wazee, wadhaifu, au watu waliochanganyikiwa akili. Hao ni watu waliowekewa kingo ili wasidhurike, mwanangu, na waliowawekea walikuwa na nia njema kama yako. Sikuandikii haya ili nikuvunje moyo. Nataka ukishika kalamu tena, mahali pa kwanza unapopatazama pawe kwenye mianya, kisha ndipo uangalie fito.

Mwaka 2006 mamlaka hiyo ilitoa mwongozo unaotaja sehemu saba za kitanda ambapo mtu anaweza kunaswa. Mchoro wako una nne kati ya hizo, nimezizungushia kalamu nyekundu. Vipimo viwili vishike kichwani. Milimita 120 ni upana wa kichwa cha mtu mzima mwenye umbo dogo. Milimita 60 ni unene wa shingo nyembamba. Wewe umeacha sentimita 15 kati ya fito na fito. Kichwa cha bibi yako kinapita hapo bila kugusa. Mwanya wowote ndani ya ukingo lazima uwe chini ya milimita 120, na kwa jinsi bibi yako alivyokonda mimi ningeomba ubane zaidi ya hapo. Fito mbili au tatu za nyongeza hazitakushinda.

Mwanya ulio mgumu kuuona kwenye karatasi ni ule wa kati ya godoro na ukingo. Umechora godoro kama tofali, limenyooka, limegusa chuma. Godoro la sponji haliko hivyo. Mtu akilala pembeni, ukingo wa godoro unabonyea, unakimbia ndani, na pale palipokuwa hapapiti kidole panapita kichwa. Yule mama wa wodini alinaswa hapo hapo. Kwa hiyo usiishie kupima kitanda kikiwa kitupu. Mwambie mtu alale pembeni kabisa, abonyeze kwa uzito wake, ndipo upime. Ufito wa chini wa ukingo nao ushuke chini zaidi ya uso wa godoro, ili hata sponji ikibonyea usibaki upenyo wa kichwa kupita chini ya chuma. Na siku daktari akimwandikia godoro la hewa kwa ajili ya vidonda vya mgongo, niahidi utakuja kupima upya kila kitu, maana godoro la hewa linabonyea kuliko sponji yoyote.

Kimo nacho umekosea, na kosa hili hata mafundi wazoefu hulifanya: umepima kutoka kwenye chaga. Ukingo wa sentimita 30 kutoka kwenye chaga unaonekana mrefu karakanani. Ukiweka godoro lake la sentimita 20, zinabaki 10, na mtu anayegeuka usingizini anazivuka bila hata kuamka. Kiwango cha kimataifa cha vitanda vya wagonjwa, IEC 60601-2-52, kinataka ukingo uzidi uso wa godoro kwa milimita 220 angalau, godoro likiwa halijabonyezwa. Pima kutoka juu ya godoro lake, lile analolalia. Nimelipima leo baada ya kutoa shuka: sentimita 19 katikati, 21 pembeni.

Sasa ncha za ukingo. Umezikata kwa mteremko, zimependeza kama omo la mtumbwi, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi kuliko pengine pote. Mteremko ule ukikutana na godoro unafanya pembe nyembamba, kama kabari. Shingo ikiteleza ndani yake, kila anapojaribu kujikwamua, uzito wake unamshusha na kumkaza zaidi. Mwongozo unataka mwanya wa hapo uwe chini ya milimita 60, na pembe kati ya ncha ya ukingo na godoro izidi nyuzi 60. Iache ncha ishuke wima. Haitapendeza sana machoni, na mimi sijali.

Kuhusu nafasi ya kutoka ncha ya ukingo hadi ubao wa mchagoni, kanuni yake nimeikariri miaka yote: iwe chini ya milimita 60, shingo isiingie kabisa, au iwe zaidi ya 318, ambayo ni unene wa kifua cha mtu mkubwa, ili mwili mzima upite bila kukwama. Katikati ya vipimo hivyo viwili pana mtego. Wewe umeweka milimita 200.

Nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike barua ndefu hivi. Uliponiuliza bibi yako alivyoanguka nilikujibu haraka kwamba aliviringika. Juzi nilikaa naye nikamuuliza taratibu. Hakuviringika. Alikuwa ameamka saa tisa usiku kwenda chooni, taa imezimwa, akatafuta pa kushika, akashika hewa. Basi fikiria kama angekuwa ndani ya kingo zako, ndefu kama kitanda, pande zote mbili. Haja ingekuwa ile ile. Asingelala akangoja asubuhi. Angepanda juu ya ukingo. Na anayepanda ukingo huanguka kutoka juu zaidi ya yule asiyekuwa na ukingo kabisa, tena huenda akatanguliza kichwa. Nimewaokota wazee wa namna hiyo sakafuni mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Fito zako za kulala zingemsaidia kupanda, kama ngazi. Zisimamishe wima.

Nilimwonyesha mchoro. Aliutazama kitambo, akaniuliza, "Mnanijengea tundu?" Sikuwa na jibu. Mtu mwenye akili timamu akiwekewa kingo asizoweza kuzishusha mwenyewe, huko ni kumfunga, hata kama chuma kimepakwa rangi nzuri. Bibi yako akili zake ziko sawa, ila akipata homa anachanganyikiwa, na hilo nalo ulifikirie: ukingo utakaomfaa siku njema usimdhuru siku ya homa.

Kwa hiyo naomba ubadilishe wazo lenyewe. Chora ukingo mfupi, upande mmoja, anzia karibu na mchago uishie kiunoni. Nusu ya chini ya kitanda iwe wazi kabisa, ashushe miguu hapo. Upande wa pili kitanda kinagusa ukuta. Huko tusiweke chuma, ila nitahakikisha kitanda hakisogei, kwa sababu mwanya kati ya godoro na ukuta ni mtego vilevile. Na huo ukingo mfupi uuchukulie kwanza kama mkono wa kumwinua mtu. Zuio liwe kazi yake ya pili. Ukiufikiria hivyo, mengine yatanyooka yenyewe: ataushika wakati wa kugeuka, atausukuma wakati wa kusimama, na usiku akipapasa gizani atakuta kitu.

Kitu anachokiegemea mtu mzima hakifungwi kwa skrubu za mbao. Toboa fremu, pitisha bolti upande wa pili, weka washa pana na nati mbili. Ile aina ya kuchomeka bapa chini ya godoro uliyoifikiria kwenye ukurasa wa nyuma iache. Inashikiliwa na uzito wa godoro peke yake. Akiusukuma ukingo unateleza nje kidogo kidogo, hakuna anayeona, mpaka siku moja mwanya wa sentimita 2 umekuwa 12. Kama utaweka komeo la kushushia ukingo, likae nje, chini ya usawa wa godoro, lifunguke kwa mkono mmoja, na likiingia lilie, tujue limeingia. Kulitumaini komeo ambalo limeshika nusu ni hatari kuliko kutokuwa na komeo.

Kabla hujaniletea, jitengenezee vipimio viwili. Cha kwanza ni koni ya mbao ambayo kitako chake kina kipenyo cha milimita 120. Hiyo ni kichwa. Cha pili ni mche wa duara wa milimita 60, ndio shingo. Vipitishe kila mahali, huku mtu amelala pembeni ya godoro. Pale koni inapozama, rudi mezani ukachore upya. Vipimio hivyo uviache hapa kwangu, kwa kuwa sponji inachoka na bolti zinalegea, nami nitavipitisha kila mwezi.

Uliandika kwamba chuma kikibaki utamtengenezea mjukuu wangu ukingo kama huu. Hapana, mwanangu, usichukue vipimo hivi. Mwili wa mtoto ni kinyume cha wetu: kiwiliwili ni chembamba, kichwa ndicho kikubwa. Anapenya kwa miguu, mwili wote unatoka, kichwa kinabaki ndani. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya vitanda vya ghorofa hairuhusu nafasi kwenye kingo za kitanda cha juu izidi milimita 89, na zile kingo za kuhamishika za watoto hutengenezwa kwa wenye miaka 2 hadi 5, wanaoweza kupanda na kushuka kitanda cha wakubwa wenyewe. Wako hajafika huko. Chini ya miaka 2 mahali pake ni kitanda chake cha kitoto.

Mengine nimeanza mwenyewe bila kungoja chuma. Kitanda kilikuwa juu mno, akikaa vidole tu ndivyo vinavyogusa sakafu. Nimemwita fundi apunguze matendegu, na sasa nyayo zote zinakanyaga na magoti yamekunjika sawasawa. Nimeweka taa ndogo inayowaka usiku kucha kwenye njia ya chooni. Mkeka wa kando ya kitanda, ambao ulikuwa unateleza, nimeutoa. Miwani na fimbo vinakaa mkono wake wa kulia. Dawa yake moja ya jioni inamlevya usingizi, nitamuuliza daktari kama inaweza kubadilishwa. Huenda haya yakamsaidia kuliko kazi yako na yangu yote, na nimekubali hilo. Ukingo bado tunauhitaji, kwa ajili ya ule mkono uliopapasa saa tisa usiku ukakosa pa kushika.

Jana jioni nilimpa mpini wa ufagio aushike, ukawa mwembamba, ukamzunguka kiganjani. Mpini wa jembe ukawa mnene, vidole havikukutana. Tukapata nje kipande cha bomba cha milimita 32. Akakaa pembeni ya kitanda, mimi nikakishikilia kwa mikono yote miwili, akakisukuma, akasimama. Akakaa, akasimama tena, mara tatu, bila kuniambia nimshike. "Hapa," akasema. Nimepima pale mkono wake ulipokuwa: sentimita 24 juu ya godoro, sentimita 70 kutoka mchagoni. Kipande chenyewe kimo kwenye kifurushi hiki pamoja na barua. Nimekifuta kutu na kukizungushia chaki mahali vidole vyake viliposhika. Anza nacho.

Mama yako